Jirani kanimegea shamba mita 6 huko Handeni, nianzie wapi?

Mgeni wa Handeni: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi umenipaa. Mwaka 2019 nilinunua ekari moja kijijini, 70 kwa 70. Juzi nimepima kwa tepu kutoka magharibi kwenda mashariki: nikifika 64 tu, mbele ni mahindi ya jirani. Mita 6 zimeliwa, upande mzima wa shamba. Nikimuuliza anasema mpaka ni uleule wa siku zote. Nianze polisi au mahakamani?

Kamba Mbili: Polisi hawaamui mpaka. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, wasiopungua 3 wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mkishindwana, nendeni Baraza la Kata. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 kata haihukumu tena, inapatanisha tu. Ikishindwa, idai ikuandikie kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila karatasi hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri, isipokuwa siku 30 zimepita na kata haijamaliza.

Mama Shamba: Mimi nasema omba hakimiliki ya kimila, ile hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Siku ya uhakiki majirani wa pande zote wanasimama mpakani na kusaini, maneno yanaisha. Na huyo jirani ongea naye vizuri, mwanangu. Ndiye atakayeona moshi nyumbani kwako kabla ya ndugu zako wa mjini.

Kamba Mbili: Mama, hakimiliki haitoki wakati mpaka una mgogoro. Kwanza mgogoro uishe.

Mpima Ekari: Mleta uzi, nijibu moja tu. Karatasi ya mauziano inasema *mita* au *hatua*?

Mgeni wa Handeni: Sioni kama hilo ndilo tatizo. Tatizo ni jirani.

Mpima Ekari: Ndilo tatizo lenyewe. Soma ulichoandikiwa.

Mgeni wa Handeni: Imeandikwa "hatua sabini kwa sabini". Lakini hatua si ndiyo mita? Hata fundi wangu kasema hivyo.

Mpima Ekari: Hapana. Hatua ya ekari ni yadi, sentimita 91 na kidogo. Hatua 70 ni mita 64. Zidisha 64 kwa 64 upate mita za mraba 4,096. Ekari ni kama 4,047. Ukidai mita 70 kwa 70 unadai 4,900, karibu ekari na robo. Shamba lako limetimia, mkuu.

Tena hata hizo hatua hazina uzito kama pembe ulizoonyeshwa. Mtu mfupi hatua yake ni sentimita 75, hatua 70 zake hazifiki mita 53. Ndiyo maana wazee wa baraza wakija shambani watakuuliza: muuzaji alisimama wapi, nani alikuwepo, alama ilikuwa nini? Kama unataka kupima tena, vuta tepu ikae sawa hewani, usiilaze kwenye mteremko, itakudanganya. Kisha pima kona kwa kona: kama shamba ni mraba wa mita 64, kila mshazari uje karibu 90 na nusu. Mmoja ukizidi, shamba limepinda, hakuna mwizi.

Mgeni wa Handeni: Sawa, ila nguzo 24 za uzio zimeshanunuliwa na fundi kalipwa nusu. Mvua zikianza gari halifiki. Na Jumamosi nimeshang'oa mkonge wa mpakani, mashimo 11 ya nguzo yamechimbwa upande wa jirani. Sasa nirudi nyuma vipi?

Kamba Mbili: Kumbe! Hili ndilo la kusema mwanzo. Kung'oa alama ya mpaka kwa nia ya kujiongezea ardhi ni kosa la jinai. Ulikuja kuuliza polisi, na anayeweza kwenda polisi ni yeye.

Mgeni wa Handeni: Mimi ninalinda haki yangu. Nilinunua kwa pesa halali.

Mama Shamba: Na mahindi yake?

Mgeni wa Handeni: Mistari miwili imefukuliwa na mashimo.

Msomaji Kimya: Hii chai. Mkonge uliokomaa, mstari wa mita 64, mtu anaung'oa Jumamosi moja? Kisiki kimoja tu ni sururu na jasho la asubuhi nzima. Weka picha, la sivyo uzi ufungwe.

Mgeni wa Handeni: Si chai. Ilikuwa imebaki 9 tu, mingine iliungua zamani. Visiki vya ile iliyoungua vipo chini, vyeusi, vinabonyea kama sponji. Kandokando yake yametoka machipukizi, majani marefu kama kiganja. Hayo sikuyagusa.

Mpima Ekari: Basi hapo ndipo pa kushika. Usiyaguse na usijaze mashimo ya ile 9. Machipukizi hutembea chini ya ardhi, mengine hutokea mita moja au zaidi pembeni, kwa hiyo yasikupotoshe. Mstari wa kweli ni visiki vya zamani. Funga kamba kutoka kisiki cha kwanza hadi cha mwisho, ipite juu ya mashimo uliyochimbua. Piga picha jirani akiwepo.

Muuzaji yu hai?

Mgeni wa Handeni: Yupo, ni mzee. Mashahidi wa mauziano walikuwa wawili, na muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji ninao.

Kamba Mbili: Muhtasari huo ni mali, tunza nakala. Mpeleke mzee shambani mbele ya mwenyekiti na jirani, mwenyewe aonyeshe pembe nne. Kiandikwe, wote wasaini. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na jirani akithibitisha amelima hadi kwenye mkonge tangu enzi za huyo mzee, miaka hiyo nayo inahesabiwa upande wake.

Mgeni wa Handeni: Nimempigia mzee, anakuja Alhamisi. Fundi nimemsimamisha. Nguzo je, ziondoke pale?

Mpima Ekari: Ziondoke leo, zilale upande wako. Mashimo 11 yafukie jirani akiona, na mistari miwili ya mahindi mkubaliane fidia kabla ya Alhamisi. Uzio ukiusimamisha baadaye, rudi nyuma nusu mita kutoka kwenye visiki, upate pa kupita ukipalilia.