Mdogo wangu kapata mgao wa tanzanite, familia inaparaganyika, nishaurini

Dada_wa_Kondoa:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho ni apolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, kule Mererani, mwaka wa tisa huu yuko shimoni, mshahara hana, ni chakula tu na kusubiri mgao siku shimo likitoa. Mwezi wa tatu likatoa, mzigo ukapelekwa sokoni, ukakatwa mrabaha wa serikali asilimia 6 na ile 1 ya ukaguzi, tajiri, yaani mwenye kufadhili shimo, akachukua chake, yeye akatoka na milioni 68. Kwetu hatujawahi kushika hata milioni 2 kwa mkupuo, mama anauza maandazi.

Wiki ya kwanza tulilia kwa furaha. Leo zaidi ya nusu imeisha. Kanunua gari, kila jioni anawanywesha baa nzima, baba wadogo wawili ambao baba alipofariki hata sanda hawakuchangia wamehamia sebuleni wanasema ndio waliomlea. Mama anazima simu anaifukia kwenye ndoo ya unga maana watu wanaanza kuomba hela saa kumi na moja alfajiri, juzi nimemkuta anaifuta na khanga machozi yanamtoka, anasema bora tungebaki na maandazi yetu. Sasa milioni 31 zilizobaki anataka afadhili shimo jipya ili naye aitwe tajiri. Nikisema, naambiwa nina wivu. Nifanyeje jamani?

Apolo_mstaafu:
Dada pole sana. Nimekaa chini miaka 14, Kitalu B. Sisi wote tuna ya Laizer kichwani, yule mchimbaji wa Mererani aliyepata 2020 mawe mawili ya tanzanite, kilo 9.27 na kilo 5.1, serikali ikamlipa bilioni 7.74, Agosti akapata lingine. Kila apolo anaamini anayefuata ni yeye. Ila Laizer alikuwa na leseni yake na ng'ombe wake, hakuingiza hela ya mwisho ya nyumbani. Milioni 31 shimo linaimeza na baruti, dizeli ya kompresa na ugali wa vijana, hata mwamba wenye mawe hamjaufikia. Mimi niliuza mpaka kiwanja cha mama, leo mama kapanga. Nitakutumia namba yangu PM (ujumbe wa faragha), mpe, mimi hataniambia nina wivu.

Kijana_wa_hesabu:
Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu (BoT), unaanza na milioni 1, riba wanalipa kila miezi sita. Muhimu iwe kwa jina LAKE sio lako, hapo neno la wivu linakufa.

Msema_kweli:
Hela ni yake, kahatarisha uhai miaka tisa, muacheni ale ujana.

Mama_Wawili:
@Msema_kweli ale ujana mama yake akilia kwenye unga? Dada, wewe usiongee tena. Mama ndiye aitishe kikao, amuweke mwanae peke yake, bila baba wadogo, aseme anachoumia. Kwanza nyumba ya mama, hati iandikwe jina la mama, hata shimo likigoma ana pa kulala.

Dada_wa_Kondoa:
Asanteni mno. Apolo_mstaafu wameongea jana saa nzima, sijui walisema nini ila amekuja asubuhi hajanywa, kakaa jikoni na mama mlango wamefunga. Gari hataki kuuza. Kiwanja cha nyumba ya mama kasema Jumatatu tukakione, na baba wadogo bado hatujawaambia.