Majirani wa Njia ya Mto, Maji ya Chai

JUMATANO

Mwenyekiti: Habari za jioni majirani. Jumamosi saa 4 asubuhi kikao shuleni, darasa la nne. Wanakuja watu wa klabu ya Rotary, wale wa kujitolea, na wenzao wa Ujerumani watakuwa kwenye simu ya video. Ajenda ni maji yetu haya yanayoharibu meno. Tuwahi jamani, tusije tukawaonyesha madawati matupu.

Baba Kelvin: Mwenyekiti, hao si ndio wenye alama ya gurudumu lenye meno? Mimi niliambiwa ni Freemason.

Mama Pendo: Haya, yameanza 😂

Mama Glory: Baba Kelvin, mimi nimo humo mwaka wa sita. Hebu niambie, nimetajirika?

Baba Kelvin: Duka la dawa umepanua lakini.

Mama Glory: Kwa mkopo wa benki, na bado naulipa! Sikia kaka yangu. Klabu ilianzia Chicago tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, na wenzake watatu. Wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, safari nyingine kwa yule, ndiyo maana ya hilo jina. Siri yetu kubwa ni kwamba simu ikiita kikaoni unatozwa faini. Mimi nimeshatozwa mara tatu.

Mama Pendo: Kumbe ni kama mchezo wetu wa kina mama. Tofauti sisi tunaondoka na hela.

Mama Glory: Sisi tunaondoka bila hela 😂 Na wanawake hawakuruhusiwa mpaka 1989, kwa hiyo msidhani hata sisi tulikaribishwa kwa maua.

Mama Aisha: Si ndio hao waliopita na vizibao vya polio?

Mama Glory: Haohao. Polio wanapambana nayo toka 1985. Ile 2022 Malawi ilipotangaza mgonjwa, huku kwetu ikabidi watoto wa chini ya miaka mitano wapewe matone nyumba kwa nyumba. Nilijitolea kutembea na vijana wa afya. Mbwa wa Baba Kelvin alinichania sketi, na sikutoa hata laana moja.

Baba Kelvin: Nilikuomba msamaha mama.

Mama Glory: Uliomba. Sketi haikurudi.

Mama Pendo: Tuje kwenye maji. Wanataka kutuchimbia kisima kingine?

(dakika nne kimya)

Mama Pendo: Mama Glory naona umesoma.

Mama Glory: Nilikuwa namhudumia mteja. Ndiyo, pendekezo lililopo ni kisima. Wajerumani wameshachora. Natuma picha.

[picha]

Mama Pendo: Hadi kibao cha jina kimeshachorwa. Kibao kikubwa kuliko bomba.

Fundi Bomba: Shikamooni wakubwa. Nimeikuza hiyo ramani. Hapo walipoweka alama ni kama mita mia mbili kutoka kisima cha zamani. Mwamba ni uleule wa Mlima Meru. Sikatai, ukienda kina kingine maji yanaweza kutofautiana, lakini huwezi kuchimba kwa kubahatisha.

Babu: Marahaba. Kijana kasema.

Mama Pendo: Wale wa kwanza walikuja, wakapiga picha, wakaimba na watoto, wakaondoka. Karatasi ya kipimo cha maji hatujaiona mpaka leo. Haukupita mwaka pampu ikafa, na kipuri hakuna anayejua kinauzwa wapi. Sasa hivi kuku wa Mama Aisha ndio wanalala juu yake.

Mama Aisha: Kuku wangu hawana kosa. Wamekuta kitu kimekaa bure.

Babu: [ujumbe wa sauti, dakika 1]

Mwalimu: Kwa wasio na bando, Babu anasema zamani meno ya kahawia yalikuwa ndiyo kitambulisho chetu. Ukifika Moshi, ukicheka tu, wanajua huyu katoka Meru. Anasema alipopigwa picha ya kitambulisho cha taifa aliambiwa atabasamu kidogo, akakataa.

Mama Pendo: Babu anacheka na yake. Pendo wangu alikwenda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Yule dada akamwambia kwa upole kabisa, "mdogo wangu, ungepiga mswaki kwanza". Mtoto anapiga mswaki mara tatu kwa siku! Toka siku hiyo kila picha mdomo umefungwa kama bahasha.

Mama Glory: Pole jirani. Hilo sikulijua.

Baba Kelvin: Si tuwe tunachemsha?

Mama Glory: Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi, hayo madini ya kwenye maji yetu yanayotia meno ukahawia, haiondoki. Maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu vinapita hapo. Meno ni dalili ya mwanzo tu, ikizidi miaka na miaka inaingia mifupani, mtu anashindwa hata kunyoosha mgongo. Na magadi mnayotia kwenye maharage nayo yanaongeza.

Mama Aisha: Magadi tena! Makande yatalainika na nini?

Mama Pendo: Na uvumilivu 😂

Baba Kelvin: Ila jamani tuseme ukweli. Watu wanatoka Ulaya na fedha zao, sisi tuseme kisima hatukitaki? Watatuona hatuna shukrani. Watapeleka kwingine. Mimi naona tupokee, tutajua mbele ya safari.

Mwenyekiti: Hata mimi hapo ndipo ninapopata homa. Kata jirani wakisikia tumekataa mradi watanicheka.

Babu: Mgeni njoo mwenyeji apone. Sio mgeni njoo mwenyeji azidi kuoza meno.

Mama Pendo: Babu kaandika mwenyewe leo!

Mama Glory: Baba Kelvin, ngoja nikueleze inavyokwenda, maana watu wanadhani Mjerumani anatoa hela mfukoni. Hii ni ruzuku ya mfuko wa Rotary. Bajeti yake haiwezi kuwa chini ya dola 30,000, yaani zaidi ya milioni 70 za kwetu. Lazima klabu za nchi mbili zishikane, mwenyeji na mshirika. Kila distrikti, yaani kundi la klabu za eneo moja, ina fungu lake, ikitoa hapo mfuko mkuu unaongezea asilimia 80 ya ilichotoa. Ila kabla ya hayo yote tunatakiwa kupeleka tathmini: wananchi wenyewe wanataka nini, wana nini tayari, na nani atatunza wageni wakishaondoka. Bila hiyo maombi hayaendi popote.

Mama Pendo: Wananchi ndio sisi?

Mama Glory: Ndio ninyi.

Mama Pendo: Basi mbona mchoro umekuja kabla ya tathmini?

Mama Glory: Hapo umenishika. Kosa ni letu sisi wa klabu. Rais wetu anamaliza mwaka wake tarehe 30 Juni, kila klabu duniani inabadilisha uongozi Julai mosi, na kila rais angependa aache kitu kinachoonekana. Kisima kinaonekana. Nitamwambia.

Mwalimu: Mwambie na hili, tukinge maji ya mvua kwenye paa la shule. Nimepiga hesabu usiku huu. Paa la madarasa matatu ni mita 27 kwa 8, yaani mita za mraba 216. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 ni lita 4,320. Toa zinazomwagika na zile za kwanza za kusafisha paa, bakiza 3,400. Wanafunzi ni 540, lita moja kila mmoja kwa siku. Kiangazi kina siku za masomo kama 90. Jumla 48,600. Simtanki tano za lita 10,000 zinatosha, na mvua kumi na tano za namna hiyo kwenye masika zinazijaza. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa.

Fundi Bomba: Mwalimu umenimaliza. Niongeze mifereji ya bati nzito, hii myembamba inapinda. Na kipande cha bomba cha kukamata maji ya mwanzo, kunguru wa pale shuleni mnawajua.

Mama Aisha: Na ule mtungi wa mifupa? Dada yangu anao.

Fundi Bomba: Upo. Mkaa wa mifupa, kituo cha Ngurdoto wanautengeneza. Maji yanapita humo, floraidi inabaki kwenye mifupa. Ila baada ya muda mkaa unachoka, inabidi kubadilisha.

Mama Aisha: Mifupa ya mnyama gani? Nauliza kwa nia njema tu.

Fundi Bomba: Ya ng'ombe, mama. Inachomwa kwenye tanuru mpaka hakuna harufu wala mafuta.

Mama Aisha: Ng'ombe sawa. Waandike juu ya mtungi, wengine hawatauliza, wataacha tu kunywa.

Mama Glory: Hiyo naiweka kwenye tathmini kama ulivyoisema.

Mama Glory: Lakini Mwalimu, kuna jambo nataka tulitazame. Meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi toka mtoto ni mchanga mpaka kama miaka minane. Mtoto wa darasa la nne, meno yake ya mbele yameshaamuliwa. Matangi ya shule yatalinda mifupa yake, sawa, lakini meno tunayotaka kuyaokoa yako mgongoni kwa mama zao sasa hivi.

Mwalimu: Aisee.

Mama Pendo: Kwa hiyo tukijenga shuleni peke yake, tunafunga mlango ng'ombe ameshatoka.

Mwalimu: Si bure kabisa, chekechea wapo. Lakini nakubali. Nikiruhusu kina mama wachote jioni, hesabu yangu inavunjika.

Fundi Bomba: Nyumba zenye watoto wadogo zipewe mtungi wa mifupa, au mfereji na tangi dogo la lita 1,000. Mabati karibu kila nyumba yapo. Tatizo mvua inamwagika tu.

Mwenyekiti: Nyumba zenye watoto chini ya miaka 8 naweza kuzihesabu kesho na mjumbe. Hilo halihitaji Mjerumani.

Mama Pendo: Na nani anashika ufunguo wa bomba la shule? Tukiacha wazi, wiki moja tu mtu atakuwa anaoshea pikipiki.

Baba Kelvin: Mbona unanitazama mimi?

Mama Pendo: Sijakutazama, nimeandika tu.

Mwenyekiti: Kamati. Watu watano, watatu kina mama. Mhazini nampendekeza Mama Pendo, kwa sababu hajawahi kumkopesha mtu humu hata shilingi.

Babu: Naunga mkono.

Mama Aisha: Naunga mkono, nilishajaribu kukopa.

Baba Kelvin: Mchanga na kokoto tunaweza kutoa sisi. Na siku mbili za msaragambo, kazi ya pamoja. Tusiende mikono mitupu.

Mama Glory: Asante Baba Kelvin. Hilo litawapendeza kuliko shukrani.

JUMAMOSI

Mwenyekiti: Nawashukuru wote. Watu 61, sijawahi kuona. Mtandao ulikatika mara mbili lakini tulisikilizana.

Mama Glory: Kwa waliokuwa sokoni: yule mzee wa Ujerumani aliuliza kwa nini hatutaki kisima, ukapita ukimya. Babu akasimama, akasogea karibu na kompyuta, akafungua mdomo. Hakusema neno. Yule mzee akavua miwani, akavaa, akaomba Babu asogee tena.

Mama Pendo: Mimi nilikuwa natafsiri moyoni tu.

Mama Glory: Mchoro umewekwa kando. Kisima cha zamani kipimwe kwanza, ili ijulikane kuna nini na kama kuna cha kufufua. Matangi na mitungi vinaingia kwenye maombi, pamoja na mafunzo kwa kina mama. Msitegemee kesho. Maombi yanachukua miezi, na tukianza kujenga kabla ya kibali, mfuko haulipi kilichokwisha kufanyika. Na rais wetu hakufurahi sana. Kibao atakikosa. Ila amesaini.

Mama Aisha: Wajerumani wamenuna?

Mama Glory: Mmoja alikuwa ameshachangisha kwa ajili ya kisima, anasema itabidi arudi kuwaeleza watu wake. Nimemwahidi picha ya mitungi.

Mama Pendo: Picha ya Pendo akicheka atapata mwaka gani sijui. Wa mdogo wake labda.

JUMATATU

Fundi Bomba: Nachukua sampuli asubuhi hii. Chupa iwe ya plastiki, isiwe kioo, floraidi na kioo haviendani. Isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale. Mama Aisha, chupa uliyoleta inanuka juisi ya ukwaju.

Mama Aisha: Niliosha!

Fundi Bomba: Uliosha nje.

Mwenyekiti: Pampu imekufa, umepataje maji?

Fundi Bomba: Nimefungua mfuniko, nimeshusha chupa kwa kamba. Kuku wamenitazama kama mwizi.

Mwenyekiti: Nani anapeleka Ngurdoto?

Baba Kelvin: Naenda mimi na pikipiki, bure. Ili Mama Glory asamehe sketi.

Mama Glory: Nitafikiria.

Baba Kelvin: Nimefika. Dada wa hapa anajaza fomu, anauliza jina la kisima. Niandike nini?

Mama Pendo: Andika Kisima cha Kuku.

Mwenyekiti: Jamani hiyo ni karatasi rasmi.

Baba Kelvin: Ameshaandika.