Ripoti yangu ya mauzo imeanika madeni ya wateja. Matawi niwape vipi bila kumwaga siri?

MhasibuNgamiani
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Natunza hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga, lenye matawi Muheza na Pangani. Wateja wengi ni mafundi na wenye maduka madogo. Wanachukua saruji na bati kwa mali kauli.

Nilitengeneza ripoti kwenye Power BI, programu ya Microsoft ya kugeuza data kuwa grafu. Ukigusa jina la tawi, grafu zote zinageuka. Ukigusa mwezi, unaona kilichotoka. Tajiri akaipenda, akataka wasimamizi wa matawi waipate kwenye simu. Nikachagua "Publish to web", nikapata kiungo, nikakitupia grupu letu la WhatsApp. Ukurasa wa madeni niliuficha, ila nikasahau kitufe nilichomwekea tajiri cha kuufungua.

Juzi kaja fundi mmoja wa Muheza, mtu mzima, kanuna. Kijiweni wamemtajia deni lake na tarehe aliyokopa. Kiungo kilitoka kwenye grupu, kikatembea. Mzee yule hajatudhulumu hata shilingi moja kwa miaka yote. Nimemwomba radhi lakini roho inaniuma. Nifanye nini, na ripoti niigawe vipi?

BahariWaRaskazone
Pole sana ndugu. Kabla ya yote ua hicho kiungo, sasa hivi. Kufuta ujumbe kwenye grupu hakusaidii. Ingia Power BI kwa kompyuta, fungua mipangilio, tafuta orodha ya misimbo ya kupachika (embed codes), ufute wa ripoti hiyo. Njia uliyotumia ni ya mambo ya hadharani: mwenye kiungo anafungua bila nenosiri, na hata mitambo ya kutafutia intaneti inaweza kuiona. Hata kama kile kitufe kisingekuwepo, mistari ya data iliyo nyuma ya grafu ingekuwa imekwenda na ripoti.

MuuzaMbaoMakorora
Mimi ningerudi Excel tu. Tengeneza pivoti, lile jedwali la kujumlisha data, futa shiti ya wateja, tuma faili. Hakuna cha kiungo.

DadaWaTakwimu
Kaka Makorora, hapo naomba nikupinge kwa heshima, maana wengi tumeumia hapo. Pivoti huwa inabeba nakala ya data ndani yake. Chukua faili lako, gonga mara mbili kwenye namba ya jumla: shiti mpya inafunguka na mistari yote, majina na simu, hata kama shiti ya asili uliifuta. Ukilazimika kutuma Excel, nakili namba, uzibandike kama thamani tupu kwenye faili jipya.

Mhasibu, anza kwa kutengeneza ripoti mbili. Ya mauzo isijue kabisa kama kuna wateja: kabla data haijaingia, ijumlishe kwa tawi, bidhaa na mwezi, na safu za majina na simu uziondoe. Usizifiche, ziondoe. Ya madeni ibaki kwa tajiri na wewe.

MhasibuNgamiani
Ahsante dada. Lakini msimamizi wa Muheza ndiye anayekusanya madeni ya Muheza. Asipoona majina atamdai nani?

DadaWaTakwimu
Swali zuri. Hapo unaweka ulinzi wa mistari ya data (row-level security). Ndani ya Power BI unaunda kundi la Muheza, unaandika sharti kwamba tawi liwe Muheza, kisha unaingiza barua pepe ya msimamizi. Akifungua anaona watu wake tu. Angalieni mtego mmoja: sharti hilo linamshika mtazamaji peke yake. Ukimpa haki ya kuhariri kwenye eneo la kazi, anaona kila kitu, na wewe utadhani umefunga mlango.

Gharama nayo ipo. Bila kifurushi kikubwa cha kampuni, anayegawa na anayetazama wote wanahitaji leseni ya Pro, na kujiandikisha kunataka barua pepe ya kazi, Gmail haikubaliki. Kwa watu watatu mngeweza kujaribu Looker Studio, programu ya ripoti ya Google, ambayo ina toleo la bure na inaweza kuchuja mistari kwa barua pepe ya anayetazama. Wagawieni ripoti yenyewe, msiwape lile jedwali la Google Sheets, na mipangilio ibaki kwa watu waliotajwa, isiwe kila mwenye kiungo.

MzeeWaChumbageni
Mwanangu, tangu enzi za daftari, deni la mtu ni siri yake na mwenye duka. Siku hizi lipo hata kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mwambie tajiri aulize kama duka limesajiliwa huko, na awaeleze ukweli wateja wote waliokuwemo, hata wasiojua bado.

MhasibuNgamiani
Marahaba za wakubwa zimefika. Msimbo wa kupachika nimeufuta jana usiku. Nimejaribu kiungo kwa simu ya mwanangu, hakifungui. Ripoti ya mauzo nimeijenga upya bila safu za wateja. Kesho nakaa na tajiri kuhusu usajili. Wateja waliokuwemo ni 43, nimeshawaorodhesha, na Jumamosi napanda gari la Muheza kuanza na yule mzee.