Mjadala: Anayekatwa apate lini? Wahamiaji na mafao ya Uingereza

Dada wa Zamu ya Usiku, Leicester (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimeleta hili hapa kwa sababu kwenye grupu letu la WhatsApp liliishia kwenye matusi. Swali: mhamiaji anayefanya kazi Uingereza kihalali, anayekatwa kodi na michango sawa na wenyeji, apewe mafao ya serikali tangu makato ya kwanza, au asubiri mpaka apate ukaazi wa kudumu?

Mimi nasema tangu makato ya kwanza. Nilikuja 2023 kwa viza ya kuhudumia wazee. Usiku tuko wawili kwa wazee kumi na wanne. Saa kumi alfajiri ndiyo saa yenyewe: kuna bibi huamka akiulizia ng'ombe wa baba yake kama wamerudi, na usipomjibu kwamba wamerudi wote, halali tena. Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara inaonyesha kodi ya mapato, chini yake National Insurance, yaani mchango wa bima ya taifa, asilimia 8 ya kila pauni inayozidi 1,048. Mwingereza ninayepishana naye kwenye korido anakatwa vilevile. Ana mtoto, anapata posho ya mtoto, iliyokuwa pauni 26.05 kwa wiki mwaka 2025. Wangu anasoma darasa moja na huyo wake. Sipati, maana masharti ya viza yangu yanakataza fedha za umma.

Na mwisho wa kusubiri unasogezwa. Nilipokuja, ukaazi ulikuwa miaka 5. Mei 2025 serikali ikasema inataka 10, Novemba Waziri wa Mambo ya Ndani Shabana Mahmood akapendekeza 15 kwa watu wa kazi kama yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikabidhiwa uwanja wa ndege, mkeka bado tunausubiri.

Karibuni, ila kwa hoja.

Mlipakodi wa Luton

Dada, pole na kazi, lakini hapa nakupinga. Viza uliisoma kabla ya kupanda ndege. Mimi pia niliisoma. Nilikuja kwa kazi ya kompyuta na kila mwaka wa viza nimelipia ada ya afya, sasa hivi ni pauni 1,035 kwa mtu mzima. Ninyi wa kazi za kutunza wazee mmesamehewa hiyo. Mtoto wako anasoma bure. Akiugua, daktari hamuulizi pesa. Hayo si mafao?

Halafu kuna siasa, tusijifanye hatuioni. Nchi ikiwa karimu sana kwa wa ndani, inakuwa ngumu mlangoni. Denmark mwaka 2015 walishusha posho ya wageni wapya, na ili kupata msaada kamili ikaja kuwa sharti uwe umeishi huko miaka 9 kati ya 10 iliyopita na kufanya kazi miaka miwili na nusu. Mimi naona ukali huo ndio umewafanya wapiga kura wao waendelee kukubali kodi kubwa. Hapa je? Tarehe 22 Julai 2025 walifunga kabisa kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje. Ukidai mafao siku ya kwanza, wanaoumia ni wale ambao bado hawajapanda ndege.

Dada wa Zamu ya Usiku

Mlipakodi, meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury Juni 1948 na watu wa Karibi. NHS, huduma ya afya ya taifa, ilifungua milango tarehe 5 Julai mwaka huohuo. Hazikupishana hata wiki tatu. Mbona wale hawakuambiwa wasubiri miaka 15?

Mlipakodi wa Luton

Kwa sababu walikuwa raia wa dola ileile, walikuja kwa haki. Sisi tumekuja kwa mkataba. Na hata hao, uliza walivyotendewa baadaye.

Msoma Sheria, London

Naona mnachanganya mafungu mawili. Kinachozuiwa na viza ni misaada inayopimwa kwa kipato na posho kama hiyo ya mtoto. Mafao yanayotokana na michango hayahesabiwi kuwa fedha za umma: malipo ya ugonjwa, ya uzazi, pensheni ya serikali, hata posho ya mtafuta kazi kwa aliyechangia vya kutosha. Kwa hiyo Dada, kwenye karatasi unayo haki zaidi ya unavyodhani. Wengi wetu hatuombi kwa kuogopa tu.

Sasa uchungu wenyewe uko hapa. Beveridge, mchumi aliyechora ramani ya mafao ya Uingereza, alipoandika ripoti yake mwaka 1942 alitaka michango iwe ndiyo nguzo: umechanga, unapata, bila kuchunguzwa mfukoni. Nguzo hiyo imeliwa na mchwa. Posho ya mtafuta kazi ya mchangiaji ilikuwa pauni 92.05 kwa wiki mwaka 2025, na haizidi miezi sita. Msaada wa maana umehamia Universal Credit, ambayo inapimwa kwa kipato, ndiyo hiyohiyo mhamiaji haruhusiwi kuigusa. Na mwajiri wako akinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au ufunge mizigo. Posho ya miezi sita ndani ya siku 60, piga hesabu mwenyewe.

Dereva wa Birmingham

Ndugu zangu, mimi natoka Bukavu, pasipoti ya Uingereza ninayo, kwa hiyo hiyo Universal Credit naruhusiwa. Niwaambie ilivyo ndani.

Naendesha kwa programu za simu. Mwaka jana nilivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za nyumba ya watu, nimebeba mzigo wa abiria. Wiki saba sikuendesha. Malipo ya ugonjwa hakuna, maana naitwa mfanyabiashara anayejitegemea. Nikaenda Universal Credit. Uguzi ulipokwisha nikarudi barabarani, wateja wachache, nikapata kidogo. Ofisi ikanihesabia kama nimepata saa 35 kwa kima cha chini cha mshahara, kilichokuwa pauni 12.21 kwa saa mwaka 2025, kwa sababu ukishapita mwaka wa kwanza wa biashara ndivyo kanuni inavyosema. Pesa ambayo sikuiona ikapunguza msaada wangu.

Mahakama ya Juu ya Uingereza Februari 2021 ilisema madereva wa Uber ni wafanyakazi, wakapata likizo yenye malipo na pensheni. Novemba 2023 mahakama ileile ikasema waendesha baiskeli wa Deliveroo si wafanyakazi, kwa kuwa wanaweza kumtuma mtu mwingine apeleke chakula. Wote wanafuata simu inayolia mfukoni. Kwa hiyo ugomvi wenu wa mgeni na mwenyeji nausikia, lakini kazi yenyewe imebadilika na karatasi za serikali bado zinamtafuta mtu wa kiwandani mwenye mwajiri mmoja.

Mlipakodi wa Luton

Hapo kwa Dereva sina la kubisha. Lakini hilo linanipa nguvu mimi: kama mfuko unawashinda wenyewe, mnataka kuongeza watu?

Nesi wa Stuttgart

Luton, anayechangia si mtu wa kuongezwa, yeye ndiye anayejaza mfuko. Huku Ujerumani nakatwa zaidi ya ninyi, bima ya afya, ya pensheni, ya ukosefu wa kazi, ya kutunzwa uzeeni, kila moja na mstari wake. Ila kuna kitu ambacho Waingereza hawana. Mkenya kama mimi nikiondoka kabla sijafikisha miezi 60 ya michango ya pensheni, naweza kusubiri miezi 24 nje ya Ulaya kisha nikaomba nirudishiwe nilichokatwa. Sehemu ya mwajiri inabaki kwao. Si ukarimu mkubwa, lakini angalau kuna mtu alikaa akajiuliza: huyu akirudi kwao, pesa yake inakwenda wapi? Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024 kule Berlin, vijana wananiuliza mshahara na baridi. Makato hakuna anayeuliza.

Bibi wa Likoni

Wanangu, mjukuu ndiye anayeniandikia. Nilikuwa nesi Leeds tangu 1974, nikarudi Mombasa 2011. Pensheni ya serikali waliniandikia pauni 102.15 kwa wiki. Mpaka leo ni pauni 102.15. Mwenzangu tuliyestaafu naye mwezi mmoja, akabaki Leeds, mwaka 2025 alikuwa anapata 176.45. Tulichangia sawa, tumevaa sare sawa. Ukienda kuishi Marekani au Ufilipino inapanda kila mwaka, ukija Kenya au Tanzania inaganda, maana nchi zetu hazina mapatano nao. Ya hospitali inapanda bila taabu. Ya serikali ndiyo imeganda kama samli ya baridi.

Na mimi ni raia wao. Sasa ninyi mnagombea viza.

Mlipakodi wa Luton

Bibi, shikamoo. Hili la kuganda sikulijua. Kwa aliyechangia mpaka mwisho sina hoja ya kulitetea.

Dada wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Bibi. Umenifanya nifungue rekodi yangu ya National Insurance, nimekaa kwenye ngazi za dharura, zamu ikiwa imelala. Inaonyesha miaka miwili kamili. Nimesoma kanuni: chini ya miaka 10, pensheni ni sifuri, na hairudishwi kama ya Nesi wa Stuttgart. Kwa hiyo nabadilisha swali langu, Mlipakodi, nawe unijibu hilo tu, posho ya mtoto iache. Nikikatwa miaka 6, viza ikakatika, nikarudi Singida, ile asilimia 8 yangu na ile 15 anayolipa mwajiri juu yangu zimelipia uzee wa nani?

Kengele ya chumba namba tisa. Ng'ombe hao. Nitarudi kusoma asubuhi.