Kijana amemaliza form four Arusha: umeme wa viwandani au utalii?

MamaWawili: Habarini ndugu zangu. Tunaishi Unga Limited. Mwanangu anataka kusomea utalii, baba yake anasema aende VETA, chuo cha ufundi, akasome umeme. Ada niliyonayo ni ya njia moja. Nauza mboga soko la Kilombero, na siku hizi wanaonunua kwa tenga ni wapishi wa hoteli. Zamani walikuwa wake za wafanyakazi wa viwandani. Nimsikilize nani?

MzeeWaZamu: Mama, pole na majukumu. Hata mtaa unaoishi umebeba jina la kiwanda. Mimi niliingia kiwanda cha nguo mwaka 1981, idara ya kufuma. Uzi ukikatika nilijua kwa mlio wa mashine kabla sijauona. Mshahara ulitoka mvua inyeshe isinyeshe, nikajenga vyumba viwili. Mitumba ilipojaa sokoni na vipuri vikakosekana, tukarudishwa nyumbani. Mafao yangu mengine sijayaona hadi leo, na inaniuma. General Tyre, kile kiwanda cha matairi, nacho kikasimama 2009.

Baadaye nililinda lodge miaka tisa. Masika, Aprili na Mei, wageni hawapo, wahudumu wanapunguzwa. Corona ilipoingia 2020 walirudishwa karibu wote. Fundi umeme alibaki. Pampu ya maji na majokofu havina msimu. Mpeleke VETA.

DerevaWaNyika: Shikamoo mzee. Naomba nipingane nawe kidogo. Naendesha watalii mwaka wa nane. Julai hadi Oktoba, tipu ya safari moja ya Serengeti inaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa karani. Ila ni kweli wengi wetu tunaitwa kwa safari, mkataba hatuna, na NSSF unajichangia mwenyewe ukikumbuka.

Mama, kinachombeba mtu huku ni lugha. Wenzangu wa Kijerumani na Kifaransa hawakai bure. Halafu ufundi. Mwaka jana spring ya nyuma ya gari ilikatika porini kule Ndutu, jua linazama, nina wageni wanne. Nilichomeka gogo, nikalikaza kwa mpira wa tairi, tukafika kambini. Alinifundisha mjomba wangu aliyekuwa fundi kiwandani.

MamaWawili: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea majibu yote. Ameniuliza kama kuna VETA wanaofundisha umeme jioni, ili asubuhi aanze Kijerumani. Mwenye kujua aniambie na ada yake.