Kuezeka upya paa la jengo lenye wamiliki wengi Dodoma: tuanzie wapi?

Katibu wa wamiliki, Kisasa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha wamiliki wa jengo la ghorofa lenye fleti 12. Bati zetu zimechakaa kiasi kwamba msimu wa mvua uliopita wakazi wa juu walikinga maji kwa ndoo sebuleni, na sasa tumekubaliana kuezua na kuezeka upya. Mafundi watatu wametuletea bei zinazopishana karibu mara mbili, na mmoja wao hakupanda hata darini. Aidha, wenzetu wawili wa chini wanasema paa ni la wanaolala chini yake, hivyo hawatachangia. Tuanze na lipi, na michango tuikusanye kwa misingi gani?

Mkadiriaji majenzi

Ndugu Katibu, bei zinapishana kwa sababu kila fundi amepigia hesabu paa lake mwenyewe. Mmoja huenda ameweka bati la geji 30 na mwingine geji 28, ambalo ni nene zaidi. Mmoja amehesabu mbao mpya, na mwingine anakusudia kupigilia bati mpya juu ya papi zilezile, yaani mbao nyembamba zinazoshikilia bati. Nawasihi msijadili bei tena kabla ya kumlipa mtaalamu asiyeitaka kazi hiyo aingie darini na kukagua. Katika mkoa wetu mchwa ni adui mkubwa wa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa: huacha uso wa mbao ukionekana mzima ilhali ndani wameshaimaliza. Kwa hiyo mkaguzi agonge mbao kwa nyundo na kuzichoma kwa ncha ya bisibisi, hasa pale kenchi inapokalia ukuta, kisha aandike mchanganuo mmoja unaotaja geji ya bati, idadi ya papi, kofia za kufunika kilele cha paa, gata za kukinga maji, dawa ya mbao na hata uzoaji wa bati kuukuu. Waombaji wote, ambao wawe wamesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wajaze bei katika mchanganuo huohuo.

Mjumbe wa kamati, Area D

Kuhusu wenzenu wa chini, isomeni pamoja nao Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 na kanuni za chama chenu. Paa linalofunika jengo zima ni mali ya pamoja, na kwa maoni yangu mgawanyo wa haki ni ule unaofuata ukubwa wa sehemu ya kila mmiliki. Waonyesheni pia ukutani: maji yanayoingia juu hayaishii juu, bali hushuka kwenye plasta na mabomba ya nyaya za umeme mpaka kwao. Uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, wausaini, na fedha zipite benki.

Fundi wa kupaua

Naongeza suala la wakati. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, hivyo kiangazi ndicho cha kazi hii. Lakini kiangazi chetu kina upepo mkali: msikubali paa zima liezuliwe kwa mara moja, ila kila siku ifunguliwe sehemu inayoweza kufungwa kabla ya jioni. Skrubu zipigwe juu ya mgongo wa bati, zikiwa na raba zake, na pembezoni mwa paa zikaribiane zaidi, kwani upepo huanza kuinua bati hapo.

Mkadiriaji majenzi

Fundi amenikumbusha jambo ambalo vyama vingi hulisahau kwenye mkataba. Paa likikamilika Julai, miezi 6 ya uangalizi wa kasoro, yaani muda ambao mkandarasi huwajibika kurekebisha kasoro za kazi yake, itaisha Januari, wakati sehemu kubwa ya mvua bado haijanyesha. Ndugu Katibu, zuieni sehemu ya malipo, kwa mfano asilimia 10, na mkataba utamke wazi kwamba italipwa mwishoni mwa Aprili, baada ya mkaguzi yuleyule kurudi darini na kukuta mbao ni kavu.