Kibanda cha Rwenzori au Hema la Elgon: Tulale Wapi?

Mwalimu wa Mityana
Ndugu zangu, salaam. Tumechanga fedha mwaka mzima, na kufikia Ijumaa tunatakiwa kulipa malipo ya awali. Njia zilizobaki za kupanda mlima ni mbili, zote hapa Uganda: Mlima Rwenzori kupitia Nyakalengija, ambako watu hulala katika vibanda vya mbao, au Mlima Elgon kutoka Budadiri kwa njia iitwayo Sasa, ambako tutalala kwenye mahema. Mchana hautusumbui, kwa maana miguu tunayo. Tunaulizia usiku: ni wapi mtu hulala akaamka na nguvu?

Kijana wa Kasese
Mwalimu, hujatueleza mnakwenda mwezi gani, mko wangapi, mna siku ngapi, wala kama mnalenga Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, au mnataka kuzunguka mabondeni tu. Anayepanda Januari na anayepanda Aprili hawaendi mlima mmoja. Hata hivyo, mimi nasema vibanda. Kibanda cha Nyabitaba kiko mita 2,651, cha Bujuku mita 3,962, na kila jioni unakuta paa, godoro na ukuta wa kuzuia upepo. Mvua ya Rwenzori haifanyiwi mzaha kwa turubai.

Binti Mbale
Kwa heshima zote, paa peke yake halileti usingizi. Kwenye njia ya Sasa unapiga hema kambi ya Mude, karibu na pango, kwenye mita 3,500 hivi, unalala usiku mbili, na siku ya kilele unauacha mzigo pale pale ukapanda kilele cha Wagagai, mita 4,321, kisha unarudi kwenye malazi yako yale yale. Kule kwenu kila asubuhi mtu anafunga nguo mbichi na kuzibeba hadi kibanda kingine. Nakiri kwamba siku ya kwanza ya Sasa ni kupanda tu, na kwenye kuta za mwamba za Mudangi kuna ngazi ambazo anayeogopa kimo hazipendi.

Mzee wa Fort Portal
Wanangu, nitawasimulia usiku wangu wa Elena, mita 4,541, kibanda cha mwisho kabla ya barafu. Mchana tulikuwa tumevuka matope ya Bujuku katikati ya mimea ya lobelia, mvua ikinyesha tangu saa nne asubuhi. Kampuni iliyotuongoza, ambayo siitaji, ilikuwa imetuahidi kwamba mizigo yote itafunikwa vizuri. Wangu ulifungwa kwa kamba tu, bila nailoni, nami sikuukagua kwa sababu niliamini. Nilipoufungua mfuko wa kulalia, maji yalichuruzika sakafuni. Kuni hazipo kule juu, na jiko la mafuta ya taa halikaushi kitu. Nilivaa kila nilichokuwa nacho, nikaketi nimeegemea ukuta, kichwa kikigonga kwa ajili ya mwinuko, na kila nilipotaka kusinzia pumzi ilikatika nikashtuka. Mpagazi mmoja, Mkonzo, mwenyeji wa milima ile, wa makamo, alinipa blanketi lake bila kuombwa, naye akaenda kubanana na wenzake. Saa tisa za usiku wenzangu waliondoka kwenda kileleni. Mimi nilisubiri mapambazuko nikateremshwa. Paa lilikuwepo, godoro lilikuwepo, lakini sikulala. Kwa hiyo ulizeni kwanza jinsi mizigo inavyofungwa.

Kijana wa Kasese
Pole sana, Mzee. Ndiyo maana nawaambia watu wavae gambuti, yaani buti za mpira, na wasiende na viatu vya ngozi, ambavyo vikilowa siku ya pili havikauki mpaka urudi nyumbani.

Binti Mbale
Gambuti kwenye matope, sawa. Kwenye mawe ya kuteremka zinachubua visigino, na mtu mwenye malengelenge halali, iwe kibandani au hemani. Abebe vyote viwili.

Mama Bwera
Hamjaligusa jambo moja. Kibandani mnalala chumba kimoja kwenye vitanda vya dabo deka, wanaume na wanawake, pamoja na wageni msiowajua, na anayekoroma anawakoromea wote. Mwalimu, kama kuna wanawake katika kundi lako, waulizwe wao. Mimi nilikosa faragha hata ya kubadilisha nguo. Na kama hamtafuti kilele, kuna mzunguko mfupi wa ziwa Mahoma, unaoanzia Nyakalengija hapo hapo.

Mwalimu wa Mityana
Asanteni, na samahani kwa kuficha mengi bila kukusudia. Tuko tisa, wanawake wanne, tunakwenda katikati ya Julai, na ruhusa ya kazini ni siku sita. Mmoja wetu ana pumu. Wengi wanataka kilele.

Kijana wa Kasese
Julai ni kiangazi, vizuri. Lakini kwa siku sita Margherita mtaikimbilia, maana mzunguko wenyewe kwa kawaida huchukua siku saba. Maziwa ya Kitandara na mabonde yanawatosha.

Binti Mbale
Wagagai ni siku nne. Siku mbili zitabaki za kupumzika.

Mzee wa Fort Portal
Siku tumezihesabu. Huyo mwenye pumu ameonana na daktari?

Mwalimu wa Mityana
Bado, Mzee. Anaonana naye Alhamisi. Nitaomba malipo yasogezwe hadi Jumatatu.